Kiberenge kwanza, tramu baadaye

Mdogo wangu aliyeko Minneapolis kaniuliza kwenye WhatsApp: wanawe wamechoka kuitazama treni ya kuchezea ikizunguka tu, na ukutani ana rafu ndefu iliyonyooka. Aweke nini hapo, kitu cha kwenda na kurudi chenyewe bila mtu kushika transfoma? Nikaanza kumjibu kwa sauti, ujumbe ukawa mrefu kama hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya harusi, nikaufuta. Jibu ni hili hapa, na wengine mnaoniuliza yaleyale mchukue.

Naongelea reli za saizi ya O za Marekani, zile za vyuma vitatu, cha kati ndicho cha umeme, za kampuni ya Lionel na wenzake, ambazo hapa Pennsylvania zimejaa kwenye besimenti za wazee. Kipimo ni 1:48 na upana ni milimita 32 hivi. Wenye macho makali watasema kwa kipimo hicho njia inakuwa pana kuliko reli ya kweli ya huku, na Reli yetu ya Kati, ya mita moja, ingetoka milimita 21 tu. Wasema kweli. Watoto hawana habari.

Kinachowachanganya wengi ni umeme. Kwenye reli za HO, saizi ndogo zaidi ya vyuma viwili, umeme ni DC, wa kwenda upande mmoja: ukibadilishana chanya na hasi, treni inarudi. Kwa hiyo ufundi wa kugeuza unakaa nje ya gari. Mwisho wa njia unakata chuma kimoja, unaunganisha daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), gari likifika pale linakosa umeme na kusimama. Kifaa kikigeuza mkondo baada ya muda, daiodi inaupitisha na gari linaondoka taratibu. Safi sana. Ila reli za O za kawaida zinatumia AC, umeme unaobadilisha upande kila mara, na AC ukizungusha nyaya mpaka kesho gari litakwenda upande uleule. Uamuzi wa kurudi lazima uwe ndani ya gari lenyewe.

Treni ya kawaida ya O hugeuka kwa kukatiwa umeme kidogo: mbele, simama, nyuma, simama tena. Gari la kugonga na kurudi, ndilo la rafu yako, halimo katika mpango huo. Bampa yake ndiyo swichi. Inagonga kizuizi, inasukumwa ndani, inahamisha wenzo, miunganisho ya mota inabadilika, gari linarudi lilikotoka. Hakuna kompyuta wala kipima muda.

Sasa cha kununua. Mimi nasema kiberenge, kile kigari cha mota cha mafundi wa njia ya reli. Lionel walikitoa chao, namba 50, mwaka 1954 na kuendelea nacho hadi 1964, ndiyo maana hadi leo kinapatikana bila kuuza figo. Rangi ya chungwa, bampa za buluu, juu wamekaa watu watatu wa genge la reli. Mtazame mmoja wao. Ameunganishwa na wenzo wa bampa, kwa hiyo kiberenge kikigonga ukuta na kuanza kurudi, yeye anazungushwa palepale anatazama upande mpya, wenzake wamekaa kimya. Binti yangu hucheka kila mara. "Baba, huyu kasahau kitu nyumbani!" Nami, ambaye baba yangu alikuwa genge la njia upande wa Urambo na Kaliua, na tulikuwa tukisikia kiberenge kabla hatujakiona, sihitaji mtu kunieleza kwa nini nakipenda kuliko injini zote za mvuke zilizo mezani.

Tramu, gari la reli la mitaa ya mjini, ni ya pili, na hapo chagua kwa jicho. Tramu za kweli ziko za aina mbili: zenye chumba cha dereva kila upande, na zenye chumba kimoja tu. Birney, ile ndogo ya magurudumu manne iliyoanza miaka ya 1910, inaendeshwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo ikirudi hakuna ajabu. Tramu ya Lionel namba 60 ya 1955 hadi 1958, ya njano yenye paa jekundu, ni ya umbo hilo. Lakini zile PCC nzuri, aina nyingine ya tramu za Marekani, kama zile za Girard Avenue kule Philadelphia, zina uso mmoja. Mwisho wa njia zinahitaji kitanzi cha kugeukia. Ukinunua PCC ya kugonga na kurudi, nusu ya maisha yake itatembea kinyumenyume mjini na abiria ndani. Wengine hawajali. Mimi linaniwasha.

Ya zamani au mpya? Mota za zamani ni za AC moja kwa moja, zinanguruma, zinataka brashi za kaboni na tone la oili, na zinatengenezeka kwa bisibisi. Mpya zina mota ndogo ya DC na kifaa ndani cha kugeuza AC iwe DC, zimetulia zaidi. Kwa nyumba yenye watoto, chukua mpya. Zangu ni za zamani kwa sababu napenda kufungua vitu.

Vyovyote vile, kizuizi kifunge kwa skrubu kwenye ubao, na kiguse bampa katikati kabisa. Mwendo nao una mipaka. Ukiwa mdogo mno gari linafika, linaegemea kizuizi bila nguvu ya kuhamisha wenzo, mota inanguruma gari limesimama. Ukiondoka kunywa chai, mota inaungua. Ukizidi, linaruka nje ya reli. Ndiyo maana njia hii ipe transfoma yake peke yake, utafute volti zake siku ya kwanza, kisha usiguse. Na usiweke njia panda, pale reli zinapokatana: gari fupi hivi linaweza kukosa umeme wa chuma cha kati pale katikati na kukwama.

Ukishazoea, weka kiberenge na tramu kwenye njia moja. Kama bampa zimelingana kimo, vitakutana katikati, vigongane, na kila kimoja kirudi kwao.

Magari mengine yenye mota ni ya njia ya mzunguko, siyo ya rafu. Namba 55 linatupa mataluma pembeni huku linakwenda, namba 54 linashindilia kokoto, namba 68 ni gari la DeSoto lililovalishwa magurudumu ya reli kwa ajili ya mabosi wa ukaguzi. La kusukuma theluji, namba 53, lina herufi "a" iliyogeuzwa kwenye jina Rio Grande. Hilo lenye kosa ndilo la kawaida. Lililoandikwa sawasawa ndilo adimu na ghali. Wakusanyaji wa treni wana mambo.

Soko kubwa la treni za kuchezea la York, hapa Pennsylvania, ni Aprili na Oktoba, lakini kutoka Minneapolis ni mbali, najua utanunua mtandaoni. Basi mdogo wangu, kabla hujalipa, mwambie muuzaji apige picha ya chini ya gari. Juu hupakwa rangi na kung'arishwa. Rola (zile zinazochukua umeme kwenye chuma cha kati) na meno ya gia haviwezi kudanganya. Na akutumie video ya gari likigonga ncha zote mbili, maana lenye wenzo mbovu hugeuka upande mmoja tu.