Mtoto wa Mbwa Akifunga Choo, Weka Sabuni Pembeni

Ukifuga mbwa Mwanza utapewa ushauri wa bure mpaka uchoke. Mtoto wa mbwa akionekana anajikamua bila kutoa kitu, jirani mmoja anakuja na kipande cha sabuni umchomeke nyuma, mwingine anasema mnyweshe mafuta ya nyonyo, wa tatu ana vidonge vya kulainisha choo alivyobakiza bibi yake. Mimi hapa Ilemela nimewatoa wengi kwenye shida hiyo bila kugusa hata kimoja. Sabuni inababua ngozi laini ya ndani. Mafuta ya kunyweshwa kwa nguvu yanampalia, yanaingia mapafuni, na hapo umepata nimonia juu ya tumbo. Dawa za watu usizijaribu kabisa, hasa zile za kuoshea utumbo zenye fosfeti, zinaweza kuua mbwa mdogo.

Kwanza mwinue mkia uangalie. Mara nyingi wenye manyoya marefu kinyesi kimegandamana na nywele mpaka njia imeziba, na tumbo halina kosa lolote. Lowesha kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka pande lilainike, kisha kata nywele kwa mkasi wa ncha butu. Usivute, ngozi itachanika. Ukikuta anajikamua na kinatoka kimaji kidogo kidogo, huenda huko ni kuharisha, na tiba yake si hii.

Ukiona uzi umechungulia, acha hapo hapo. Huku ziwani vipande vya nyavu vimezagaa kila mahali na wanavitafuna. Ukivuta, uzi unaweza kukata utumbo kwa ndani. Huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, sawa na anayetapika, aliyevimba tumbo, anayetoa damu au aliyegoma kula. Na hata akiwa mchangamfu, siku mbili bila choo zinatosha, mpeleke.

Aliyebaki, yaani anayecheza na kula ila choo ni kigumu, ndiye wa nyumbani. Chukua boga, mamung'unye hapana. Kipande cha elfu moja au mbili kinakutosha siku kadhaa. Chemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta, toa ganda na mbegu, ponda liwe uji mzito. Mtoto wa kilo mbili hivi mpe kijiko kimoja cha chai kwenye chakula, asubuhi na jioni. Mkubwa zaidi anaweza kufika kijiko cha mezani. Wenye haraka wanamjazia bakuli, kesho yake wanafua matambara ya kuharisha. Choo kikianza kulegea, punguza.

Ila boga bila maji halifanyi kazi, nyuzi zake zinahitaji maji ndipo zilainishe. Ugali mkavu uvunjevunje, mimina maji ya uvuguvugu au supu ya sato isiyo na chumvi wala miiba mpaka uwe kama uji. Baada ya kula msugue tumbo taratibu kwa vidole viwili, kwa kuzungusha kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, kisha mtembeze uani. Wengi hujisaidia hapo hapo.

Aliye chini ya wiki tatu asipewe boga. Huyo hawezi kujisaidia mwenyewe vizuri, mama yake ndiye humlamba. Kama ni yatima, kila baada ya maziwa mpapase chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, dakika moja hivi.

Chanzo chenyewe, kwa hapa kwetu, hutoka kwenye chakula. Mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, ni rahisi, kila mtu anayanunua, lakini mifupa ya sangara ikijaa tumboni choo kinatoka cheupe na kikavu, kinavunjika kama chaki. Mpe nyama iliyokwanguliwa, mifupa tupa. Dagaa wa mifugo nao wanaanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo unaishia kwenye utumbo wa mbwa.

Kuwaosha kwenye chujio ni kazi bure, mchanga unang'ang'ania kwenye matumbo ya dagaa. Mwaga dagaa kwenye beseni pana lenye maji mengi, waache robo saa walainike, kisha wavuruge kwa mkono na usubiri maji yatulie. Mchanga unashuka, dagaa wengi wanaelea. Sasa wachote kwa viganja kutoka juu. Ukimimina beseni unaurudisha mchanga wote. Rudia kwa maji mapya mpaka ukipapasa chini usisikie chembe. Mzigo wa kwanza utashangaa, unaweza kutoa konzi nzima. Maji hayo mwaga nje, kwenye sinki utaziba bomba.