Yule wa Mtini

Desemba 2016 Bibi aliletwa kwetu Nkuhungu, mjini Dodoma, kutoka Mpwapwa, jicho lake la kulia limefungwa bandeji. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza kuinama, kubeba ndoo na kukaa karibu na moshi. Kwa mwanamke aliyelima uwele na karanga maisha yake yote, kile kilikuwa kifungo. Mimi nilikuwa likizo, mwaka wa pili chuoni. Mama akaniambia nikae na Bibi, nisimwache peke yake sebuleni.

Nikakaa naye, pedi ya kuchezea gemu mkononi. Kaka alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam na PS4 yake, mashine ya gemu, na ndani yake mlikuwa na The Witcher 3, gemu ya kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, iliyotoka Mei 2015. Siku ya kwanza Bibi alinyamaza. Siku ya pili akauliza, "Huyo mwenye nywele nyeupe anatafuta nini?"

Nikamwambia anaitwa Geralt, analipwa kuua majini na mazimwi, na anamtafuta binti aliyemlea. Bibi akasogeza kiti. Tangu hapo nikawa mkalimani. Kila mtu akisema kitu kwenye tivii, nilisimamisha gemu nikamgeuzia Kiswahili, na pale Kiswahili kilipogoma nikaokoteza Kigogo changu kibovu. Kipande cha nusu saa kilikula saa mbili.

Tulifika Velen, nchi ya vinamasi iliyopitiwa na vita. Kuna mtawala pale, wanamwita Baroni, mlevi, mkewe na bintiye wametoweka, naye anamwomba Geralt awatafute. "Aliwapiga," Bibi akasema, kabla gemu yenyewe haijasema. Ilipokuja kusema, hata hakugeuka kunitazama.

Ukiwafuata hao waliotoweka unaingia kwenye kinamasi. Kuna watoto yatima wanaolelewa na mama mmoja mzee, na juu yao wote wanatawala wachawi watatu. Hao wachawi wanakutuma kwenye mti mkubwa juu ya kilima, ukaue roho iliyofungwa chini ya mizizi. Ukifika, ile roho inazungumza. Inasema wachawi wanataka kuwala wale watoto, na kwamba ikifunguliwa itawaokoa. Huna namna ya kujua kama ni kweli. Unaweza kuiua, unaweza kuifungua.

Nikasimamisha. "Bibi, hapa inabidi nichague."

"Uchague nini?"

"Kitakachotokea."

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza jambo ambalo sijalisahau: "Hadithi inamuuliza msikilizaji?"

Inabidi nieleze Bibi alikuwa msimulizi wa namna gani. Tulipokuwa wadogo alikuwa na hadithi ya mtoto aliyekimbia mvua akajificha kwenye pango la mbuyu, mbuyu ukafunga. Mama yake akaja kuuimbia kila jioni. Siku moja mbuyu ukafunguka, mtoto akatoka mzima, ila hana sauti, na hakuipata tena. Nililia kila mara. Nikiwa na miaka saba nilimsihi, Bibi, leo atoke na sauti yake, leo tu. Akanijibu, "Alitoka hivyo." Baba yangu alisimuliwa hiyo hiyo, na neno kwa neno. Kwetu hadithi ilikuwa na njia moja kama bonde la mto: mvua inyeshe isinyeshe, maji yanajua pa kupita.

Sasa huyo ndiye niliyekuwa nikimwambia achague.

"Roho ya mtini haiamrishwi na mtu," alisema mwishowe. "Lakini kuna watoto. Mwachie."

Nikaifungua. Nilitafuta mifupa yake, unyoya wa kunguru na farasi wa porini, nikafanya tambiko, na ile roho ikaondoka kama farasi mweusi. Bibi akapumua. Tulidhani tumefanya jambo jema, tukala ugali kwa mlenda, tukalala.

Bei ya lile tendo ilikuja baada ya siku mbili. Nalisema hili kwa sababu hapo ndipo ninapoona uzito wa gemu ile. Gemu nyingi za kuchagua hukuwekea wema upande huu na ubaya upande ule, zina alama na rangi zake, unachukua kama anayechagua soda dukani. Hii ilitunyima taarifa, kisha ikatucheleweshea matokeo. Tulikuwa tumeshaanza kusahau.

Kwanza tulikuta kijiji cha jirani kimeangamizwa na ile roho. Kisha tukajua kwamba yule mama mlezi ndiye mke wa Baroni tuliyekuwa tukimtafuta. Watoto walinusurika kweli, na kwa kuwa walinusurika wachawi walimwadhibu yeye, wakamgeuza zimwi linaloishi ndani ya maji. Niliweza kuondoa laana ile, akarudi kuwa mtu, akawaona mumewe na bintiye, akafa. Niliporudi kwenye ngome ya Baroni nilimkuta amejinyonga kwenye mti uani.

Niliona aibu kumtafsiria Bibi, ila jicho lake moja lilikuwa limeshaona.

Jioni kaka aliporudi nikamsimulia. Yeye alikuwa ameshaicheza, na aliiua ile roho. Kwake watoto walipotea wote, hakuna aliyewaona tena. Mke alibaki hai lakini akili imemtoka, na Baroni akamchukua kumpeleka kwa mganga milimani.

"Unaona ubaya wake?" kaka akasema. "Mimi na wewe tumecheza gemu moja na hatuna hadithi moja." Yeye ni mtu wa gemu za Diablo, tangu enzi za kompyuta ya mezani. Katika ile ya kwanza unashuka chini ya kanisa kuu hadi kuzimu, unamuua shetani, halafu shujaa wako anachukua jiwe lenye roho ya shetani huyo na kulichomeka kwenye paji lake la uso. Hakuna anayekuuliza. Katika Diablo II, ya mwaka 2000, unamkuta shujaa yule yule amegeuka kuwa adui anayepita nchi kwa nchi akiacha maafa. "Wangenipa kuchagua ningekataa," kaka alisema, "na hadithi ingekufa pale pale. Kila aliyeicheza duniani aliumia mahali pamoja."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona hoja yake ina nguvu. Mbuyu wa Bibi uliniumiza kwa njia hiyo hiyo. Lakini kwa yule mtoto wa mbuyuni nililia kwa huruma tu. Kwa Baroni niliyemkuta mtini nilishindwa kula, kwa sababu mkono uliobonyeza ulikuwa wangu.

Nikachukua pedi. Nilikuwa nimesevu pale kilimani, kabla ya kuamua. Nilitaka nirudi, nijaribu njia ya kaka.

"Unafanya nini?" Bibi akauliza.

"Narudi nyuma, Bibi. Nitengeneze."

"Na watoto?"

Nikabaki na pedi mkononi.

"Mume wangu," akasema, kama anavyotuita wajukuu zake wa kiume, "mimi ndiye niliyesema mwachie. Weka hicho chini."

Nikaiweka. Ile sevu nikaifuta usiku huo, kaka akanishangaa.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilipiga, umeme ukakatika mtaa mzima. Watoto wa majirani wakajazana barazani kwetu, Bibi katikati, bandeji imeshatolewa. Wakadai hadithi. Nilitarajia mbuyu. Akaanza na kinamasi, watoto yatima, wachawi watatu na roho iliyofungwa chini ya mizizi. Alisimulia bila kusita, sauti ile ile ya Mpwapwa, kama aliyoirithi kwa mama yake. Kijiji kikaangamia, mama akafa, mlevi akajinyonga.

Binti mmoja, labda wa miaka minane, akapinga. Kwa nini wasingemuua yule wa mtini?

"Hawakumuua," Bibi akajibu. "Mimi nilikuwepo."

Akamvuta yule binti karibu, akamfunika kwa upande wa kanga yake, akaendelea kusimulia wale watoto walivyotoka kinamasini wakiwa hai.