Tanki dogo la samaki wa maji ya chumvi nyumbani, nimeliweza

Niliambiwa na wengi kwamba maji ya chumvi usiguse kama huna tanki la lita 200 kwenda juu, wengine wakasema nunua samaki sugu mmoja mtumbukize humo akomaze maji. Hilo la pili linaniudhi mpaka leo jamani. Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu, kupitia mashavu, kwenye tanki jipya hamna bakteria wa kuila, kwa hiyo huyo sugu mnayemsifia anaungua taratibu huku nyie mnasubiri.

Langu ni sentimita 60 kwa 30, maji lita 60 hivi. Hita nikaiweka nyuzi 25, mchanga, mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria ndani), pampu ya kusukuma maji, maji yenyewe ya chujio la RO (linalotoa karibu kila kilichoyeyuka kwenye maji) na chumvi ya akwariamu mpaka kipimo kisome 35 kwa elfu. Badala ya samaki nikaweka kamba mmoja mbichi kwenye soksi nyembamba akaoza humo, ndo chakula cha bakteria. Amonia ikapanda, ikashuka bakteria walipoigeuza nitriti, nitriti nayo ikapanda ikashuka, mwisho ikabaki nitrati isiyo kali kama hizo mbili. Hapo ni wiki nne mpaka sita kwa kawaida, na hakuna wa kuniharakisha. Likija vumbi la kahawia kwenye vioo msishtuke, ni diatomu, vijimwani vidogo sana, huondoka lenyewe na konokono wanalipenda sana.

Sasa kitu ninachojivunia. Maji yakikauka chumvi haiondoki, inabaki, na kwenye tanki langu yakishuka sentimita moja tu zimeshaenda karibu lita mbili na kipimo kinatoka 35 mpaka 36. Ndo maana wanasema tanki dogo halitulii. Mashine ya kujaza maji yenyewe sikununua. Nikachukua chupa ngumu (laini inabonyea, haifai), nikajaza maji ya RO yasiyo na chumvi, nikaipindua nikaifunga ukutani mwa tanki mdomo ukigusa juu ya maji, kama kile chombo cha kunyweshea kuku. Maji yakishuka mdomo unaachia, hewa inaingia, maji yanamwagika kidogo mpaka mdomo uzibwe tena, basi! Nikabandika na kipande cha teipu kwenye kioo usawa wa maji nione kama inashika, na inashika kweli, asubuhi naangalia teipu tu. Ila iweke mbali na pampu, mawimbi yakiupiga mdomo chupa inajimwaga yote kwa mkupuo, na usiweke chupa kubwa kuliko tanki linavyoweza kuvumilia.

Samaki nimeweka klauni wawili (wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe), mmoja mkubwa mmoja mdogo makusudi, maana wote huzaliwa dume na mwenye nguvu ndo hugeuka jike, ukiweka wawili sawa sawa wanagombana. Kuwazoesha nilitumia mrija wa hewa niliofunga fundo, maji ya tanki yakadondoka tone tone kwenye ndoo yao. Nawalisha kidogo kidogo, na kila wiki nabadilisha asilimia 10 ya maji, haya ya kubadilisha ndo yanakuwa na chumvi, ya chupa hapana.

Na dawa za samaki zenye shaba msitie kwenye tanki lenye konokono na kamba, zinawaua, na shaba inashika kwenye mawe, kuitoa ni shida. Mgonjwa mtoeni mkamtibie kwenye chombo chake.