Dhahabu ya Kilwa Mjini Lisbon

Nilipokwenda Ureno kumtembelea mpwa wangu aliyekuwa masomoni, alinitembeza mahali pengi mjini Lisbon. Tulipanda tramu ya manjano inayokwea vilima vya Alfama, tukatazama vigae vya buluu vilivyobandikwa kwenye kuta za nyumba, na huko Belém tukaingia katika kanisa la Jerónimos lenye kaburi la Vasco da Gama. Yote hayo yanapendeza, na waliokwisha kuyasimulia ni wengi. Kilichonishika moyo ni kitu kimoja katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale.

Ni monstransi, yaani chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waiabudu, nacho kimefuliwa kwa dhahabu na kutiwa nakshi za rangi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, na fundi, ambaye wanahistoria humtaja kuwa ni Gil Vicente, amempa kila mmoja uso wake. Sijapata kuona kazi ya mkono iliyo nzuri kuliko ile, na nilisimama mbele ya kioo muda mrefu kwa sababu ya uzuri tu, kabla sijajua lolote kuhusu asili yake.

Mpwa wangu, aliyekuwa akiyafuata maandishi yanayozunguka kitako cha chombo kile, aliniita kwa sauti ya chini: “Mjomba, hapa wameandika Kilwa.”

Akanisomea. Maandishi yanasema kwamba Mfalme Manuel I aliamuru chombo hicho kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506.

Mimi ni mtu wa Kilwa, na utotoni nilivuka maji mara nyingi kwenda Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Nilijua kwamba utajiri wa mji ule ulitokana na dhahabu iliyochimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, bandari iliyoko pwani ya Msumbiji ya leo, na kusafirishwa kwa majahazi. Nilijua pia kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na manowari na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi, na kwamba mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliuvamia mji na kuupora. Kwa hiyo fundi alipokuwa akimalizia kazi yake, mji uliotajwa kwenye kitako ulikuwa umekwisha kutekwa. Kuiita dhahabu hiyo kodi, bila kuitaja mizinga, ni kusimulia nusu ya habari, nami naamini kila mgeni anayesimama pale anastahili kuambiwa nusu ya pili.

Sikuondoka na chuki, maana ufundi ule ni wa kuheshimiwa, na jina la mji wetu limedumu pale kwa zaidi ya miaka 500. Lakini jioni ile mimi na mpwa wangu hatukuzungumza jambo jingine. Tulikubaliana kwamba picha ya monstransi ile, pamoja na tafsiri ya maandishi yake, ingefaa kuwekwa Kilwa Kisiwani, mahali ambapo watoto wa shule wanaoletwa kutazama magofu wataiona.