Muuguzi wa Tatu Hakuondoka

Nilifika kijiji hiki mwaka 2013, usiku wa manane, kwa MV Liemba. Huku mwambao wa Ziwa Tanganyika vijiji vingi havina gati. Meli ilitia nanga mbali na ufukwe, ikapiga honi, boti za mbao zikaja kuizunguka gizani. Godoro langu lilitangulia kutupwa botini, juu ya magunia ya unga, kisha nikashushwa mimi. Nilikuwa tabibu mpya, barua ya kupangiwa kituo nimeitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Zahanati ilikuwa na mkunga mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mhudumu wa afya mmoja, na mimi. Mwaka uliofuata ukatoka mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo kituo kinapaswa kuwa nayo, unaosema zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache. Niliusoma nikiwa nimeketi kwenye benchi la wagonjwa. Sisi tulikuwa watatu.

Wenzangu niliosoma nao huniuliza nimewezaje kukaa huku miaka yote hii. Jibu la kweli ni kwamba niliolewa na mwalimu wa shule ya msingi ya hapa. Ndiyo maana kubaki kwangu sikuhesabu kuwa fundisho kwa mtu mwingine. Ninachotaka kusimulia ni jinsi tulivyofika mahali ambapo mtu asiye na mume wala ndugu kijijini naye alibaki. Kabla ya hapo tulipoteza wauguzi wawili.

Wa kwanza aliletwa mwaka 2015, mkunga wetu alipostaafu. Binti mchangamfu, mikono yake myepesi kwenye sindano, watoto hawakumwogopa. Nyumba ya mtumishi ilikuwa moja na nilikuwa nakaa mimi na mume wangu. Yeye alilala wiki tatu kwenye chumba cha akina mama waliojifungua, na siku akiingia mzazi anahamishia godoro lake stoo ya dawa. Posho yake ya kujikimu haikutoka hadi mwezi wa tano. Mimi nilimwambia avumilie, sote tulianza hivyo. Najuta kauli hiyo. Mwezi wa saba alikwenda wilayani kufuatilia madai yake na hakurudi. Aliazimwa kituo cha mjini.

Anayefanya kazi serikalini anajua maana ya kuazimwa. Jina lake lilibaki kwetu na mshahara wake ulisomeka kwetu, ila yeye mwenyewe alikuwa anahudumia watu wa mjini. Kila nilipoandika barua kuomba muuguzi, jibu lilikuwa kwamba kwenye ikama muuguzi ninaye. Nilichukua karibu miaka miwili kuelewa kwamba barua ya kuomba mtumishi haitafika popote mpaka kwanza niandike barua ya kutaka huyu aliyeazimwa ahamishwe rasmi, jina na yote, ili nafasi ionekane tupu. Mganga mfawidhi yeyote, yaani mkuu wa kituo, anayesoma hapa aangalie orodha yake ya mishahara leo, ahesabu majina, kisha ahesabu watu.

Halafu ukaja uhakiki wa vyeti. Waliotajwa nchi nzima mwaka 2017 walikuwa 9,932. Kwetu alikuwa mmoja, yule mhudumu wetu, mama wa makamo aliyefagia, aliyechemsha vifaa, aliyejua kila nyumba yenye mjamzito. Cheti cha kidato cha nne hakikuwa chake. Sitetei kosa lile. Lakini aliondoka akiwa nusu ya zahanati, na kwa miezi kadhaa nilibaki peke yangu: kuandika rejesta za MTUHA (vitabu vya takwimu za huduma za afya), kupima malaria, kuchanja, kuzalisha, kufagia. Nikiugua mimi, zahanati ilifungwa.

Wa pili alikuja 2018. Safari hii niliona nimejifunza. Ulikuwa ndio mwaka wa fedha ambao pesa za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati badala ya kuishia juu. Kamati yetu ya usimamizi ikakaa, kijiji kikafyatua tofali na kusomba mchanga, sisi tukanunua bati, mbao na saruji. Nyumba ya vyumba viwili, choo ndani. Nilidhani nyumba ndiyo ilikuwa tatizo lote.

Wakati ule hatukuwa na wakala wa benki. Mwisho wa mwezi mtu alipanda boti kwenda mjini kuchukua mshahara, akipeleka na taarifa za mwezi kwa safari hiyohiyo. Kwenda na kurudi siku nne kukiwa shwari. Mwezi wa saba mwaka 2019, kusi ikivuma, nilikwenda mimi. Nilimwacha muuguzi huyo wa pili na kijana wa kujitolea aliyekuwa na wiki mbili kazini.

Mama aliyekuja usiku ule alikuwa uzao wake wa sita. Mtoto alitoka salama, kondo likatoka, damu haikukata. Nesi alimchoma oksitosini, akakanda mfuko wa uzazi, akatundika dripu, akaendelea kukanda. Hakuna hatua aliyoiruka. Nimesoma faili lile mara nyingi. Alichokosa ni mtu wa kumshikia tochi, mtu wa kutundika dripu ya pili wakati mikono yake iko tumboni mwa mama, mtu wa kukimbia kutafuta boti. Yule kijana aliona damu akaishiwa nguvu. Boti ya kwanza iligoma kwa sababu ya mawimbi. Ya pili ilikubali karibu na alfajiri. Mama alifariki wakiwa ziwani, na nesi akarudi na maiti kwenye boti ileile, saa mbili nzima, mume wa marehemu akiwa amekaa mbele yake.

Nilirudi siku ya tatu baada ya usiku ule. Alikuwa ameosha chumba cha kujifungulia hadi sakafu imechubuka. Baada ya wiki kikaja kikao cha mapitio ya kifo. Kikao hicho kwa utaratibu si cha kumtafuta mkosaji, na nakiamini, kwa sababu pasipo kuuliza hatutajua. Lakini kuna namna ya kumuuliza mtu aliyekesha peke yake, na ile haikuwa hiyo. Mwezi haukuisha akaomba uhamisho. Niliandika barua ya kumuunga mkono. Nilimsindikiza hadi ufukweni nikambebea begi, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata la kusema.

Kamati ilipokutana, mwenyekiti wetu, mzee aliyevua dagaa tangu ujana wake, aliuliza swali ambalo sijalisahau. "Daktari, sisi ziwani haendi mtu peke yake. Hata mtumbwi mdogo una wawili. Ninyi kwa nini mnakwenda peke yenu?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni ikama, ni ajira, ni bajeti. Kisha nikaona kwamba yote hayo ni kweli na bado hayajibu swali. Nyumba niliijenga. Bati zilikuwa mpya. Kilichomwondoa yule binti ni usiku ule, na hofu ya usiku mwingine kama ule. Nikitazama nyuma, hata mimi mshahara haujawahi kunifanya nitake kukimbia. Nilitamani kukimbia kila mara nilipokuwa na mgonjwa anayezidiwa mikononi mwangu na hakuna wa kumwita.

Tukaweka kanuni moja: hazalishi mtu peke yake, mchana wala usiku. Hilo likawa jambo la kwanza kwenye mpango wa kituo, kabla ya rangi ya ukuta na kabla ya uzio. Tulichukua mabinti wawili wa hapa waliomaliza kidato cha nne. Hawazalishi, hawachomi sindano. Niliwafundisha kwa miezi mitatu kushika taa, kuandaa vifaa, kupima presha, kupima damu iliyomwagika kwa chombo na si kwa macho, kujua nani ana boti yenye mafuta usiku huo. Wanalipwa posho ndogo kutokana na makusanyo ya zahanati.

Makusanyo yenyewe yana kalenda yake, na ilinichukua muda kuisoma. Bima ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mwanzoni tulihamasisha tarehe zilizopangwa wilayani, tukaambulia patupu. Wavuvi wa dagaa hawana tarehe, wana mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza; mbalamwezi ikiwaka nyavu zinaanikwa na watu wanakopa unga. Tulipohamishia uhamasishaji siku za giza, pale dagaa wanapoanikwa, mtu alitoa pesa akiwa bado na magamba mikononi. Hata kliniki ya mkoba, ile ya kuwafuata watu waliko, kwenye kambi za wavuvi tuliihamisha, maana mbalamwezi ndipo akina baba wanapokuwepo na mama anapata wa kumwachia watoto wengine.

Jambo la pili lilikuwa kuondoka kwa mpango. Likizo ya mtumishi ni siku 28, na ukitoka huku kwenda Mbeya au Iringa njia inazila siku kadhaa kwenda na kurudi. Nilikuwa nimeshamnyima mtu likizo mara mbili kwa kisingizio cha upungufu. Sasa nikaelewana na mwenzangu wa zahanati ya jirani, mwendo wa boti saa mbili: mtumishi wangu akienda likizo, wa kwake anakuja kushika zamu kwangu, na mimi namlipa hivyohivyo zamu yake ikifika. Tuliandikiana, tukampelekea Mganga Mkuu wa Wilaya nakala, akaridhia. Ratiba ya mwaka mzima iko ukutani. Mtu anayejua tarehe yake ya kwenda kwa mama yake hukaa kwa utulivu. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Safari za mshahara nazo zilikwisha wenye maduka ya vifaa vya uvuvi walipofungua uwakala wa benki hapa kijijini.

Wa tatu alifika mwaka 2020. Nilimpokea ufukweni mimi mwenyewe, pamoja na mwenyekiti na wale mabinti wawili. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, kitanda kipo, mapipa ya maji yamejaa, kitasa cha mlango kinafunga. Wiki ya kwanza alikula kwangu. Wiki ya pili nilichukua nakala za vyeti vyake na barua yake nikaenda nazo mjini kufuatilia posho ya kujikimu, nikakaa kwenye ile korido siku mbili hadi ikasainiwa. Nilimweleza pia habari ya usiku wa 2019, yote, kabla hajaisikia kisimani.

Usiku wake ulifika mwaka uliofuata. Damu ileile, msimu uleule wa kusi. Aliniita, nikatoka mbio na kanga mbili. Tulikuwa wanne mle chumbani: yeye akikanda, mimi kwenye mishipa, binti mmoja na taa akihesabu dakika kwa sauti, mwingine ameshapiga simu kwa nahodha. Oksitosini ilikuwa imetoka kwenye jokofu la sola, baridi inavyotakiwa. Mfuko wa uzazi ulijikaza kabla boti haijawashwa, tukampeleka hivyohivyo kwa tahadhari. Mama yule anauza vitumbua sasa, karibu na shule. Baada ya kumkabidhi tulirudi, tukaketi nje ya zahanati na chai, sote wanne, tukarudia hatua kwa hatua nini kilikwenda sawa na wapi tulichelewa. Tangu hapo tunafanya hivyo kila baada ya usiku mzito, hata kama kila kitu kimekwenda vizuri.

Mfumo wa M-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ulipoenezwa nchini kuanzia 2022, namba 115 ilitupunguzia mzigo mmoja mkubwa, wa kubembeleza usafiri. Sasa napiga bure, wanaoratibu wanatafuta chombo na dereva analipwa kwa simu. Nahodha wetu mmoja ameandikishwa. Mtandao bado unasumbua upepo ukiwa mkali, kwa hiyo karatasi yenye majina ya wenye boti haijaondolewa ukutani.

Lipo ambalo hatujalishinda. Mmoja wa wale mabinti alifaulu kwenda chuo cha uuguzi. Kijiji kilimchangia, wengine pesa, wengine magunia ya dagaa yaliyouzwa kwa ajili ya ada. Alihitimu, akaomba ajira, na akapangiwa mkoa mwingine kabisa, kijiji cha mbali kama chetu ambako hamjui mtu. Niliandika kuomba abadilishiwe. Nimeandika tena mwaka huu. Kama kuna anayepanga majina hayo akasoma hapa, naomba sana: mtoto aliyelelewa na ziwa hili, anayejua lugha za wazee wake na haogopi mawimbi, mwacheni ahudumie huku. Na huko alikopelekwa lazima yupo binti wa huko, naye kapelekwa kwingine.

Leo tupo watano wa ajira na wawili wa kujitolea. Si 15. Tukipungukiwa tunapungukiwa, na bado siku za kliniki ya watoto foleni inatoka nje hadi mwembeni.

Nesi wetu alikwenda likizo mwezi wa kumi na mbili, kama ratiba ilivyosema. Mwanawe wa kike alikuwa akilelewa na bibi yake Mbeya tangu mama alipoajiriwa. Boti ya Januari ilipoingia nilikuwa na mgonjwa, nikamtuma binti akampokee. Nilipotoka niliwaona wakipanda kutoka ufukweni: yeye mbele na begi kichwani, na nyuma yake mtoto mwenye sare mpya ya shule, viatu ameshika mkononi visiingie mchanga. Mume wangu aliandika jina lake darasa la tatu siku hiyohiyo.