Nilivyoweza kutafiti lukemia nikiwa Kisumu

Nilipochagua kutafiti lukemia kali ya mieloidi, aina mojawapo ya saratani ya damu, wengi walidhani nitahamia ughaibuni. Huku kwetu ukitaja saratani ya damu watu hukumbuka limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto, maana ndiyo iliyowaleta watafiti Nyanza tangu zamani. Lukemia ya watu wazima haikuwa na mwenyewe. Nikaona hapo ndipo penye kazi.

Ni ugonjwa usio na subira. Seli changa hujazana ndani ya uboho wa mifupa, hukataa kukomaa, na zile za kawaida hukosa nafasi. Mgonjwa anachoka, fizi zinatoka damu, homa haikatiki. Na kwa kuwa hapa homa huanza kuitwa malaria, wengi hutufikia wakiwa wameshameza dawa za malaria na za taifodi.

Mwaka 2008 wanasayansi wa St. Louis, Marekani, walisoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ya saratani ya mtu kwa mara ya kwanza, na saratani yenyewe ilikuwa hii. Mwaka 2013 ukatoka uchunguzi wa wagonjwa 200: kwa wastani, seli za saratani za kila mmoja zilikuwa na mabadiliko 13 tu kwenye jeni. Uchache huo ulinipa moyo. Lakini wengi mno wa wagonjwa wale walikuwa wazungu. Tena Marekani zaidi ya nusu ya wanaougua wamepita miaka 65, ilhali niliokuwa nawaona mimi wengi walikuwa vijana. Je, ugonjwa wa huku unaletwa na mabadiliko yale yale?

Mashine ya kusoma jenomu sikuwa nayo, wala sikuisubiri. Nilianza na jeni mbili, FLT3 na NPM1. Badiliko linaloonekana sana kwenye FLT3 ni kipande cha jeni kujirudia. Ukikikuza kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kisha ukakiendesha kwa umeme kwenye jeli, kile kirefu hubaki nyuma, unaona mistari miwili badala ya mmoja. Vifaa hivyo tayari vilikuwepo kwa ajili ya malaria na virusi vya Ukimwi. Siku mstari wa pili ulipowaka mbele yangu, niliwaita wote waliokuwa kwenye korido waje waone. Kuujua mstari huo kuna maana kwa mgonjwa: dawa ya midostaurini iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wenye badiliko hilo.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kupata uboho. Sindano ya nyuma ya nyonga inauma, na jamaa wana haki ya kuuliza. Mama mmoja aliyemleta mwanawe alinikazia macho: “Daktari, hiyo damu mnaipeleka wapi?” Nilimwongoza hadi maabara, nikamketisha kwenye hadubini. Slaidi ilikuwa imepakwa rangi ya Giemsa: seli kubwa, viini vya zambarau vimejaa karibu seli nzima, na ndani ya mojawapo kijiti chekundu chembamba kama sindano ya kushonea.

“Hizi ndizo zinamla mtoto wangu?”

“Ndizo, mama.”

Aliomba kuona na damu ya mtu mzima wa afya. Nikabadilisha slaidi. Halafu akauliza kama utafiti utamponya mwanawe, nikamwambia huenda usimfae yeye, ila watakaokuja baadaye. Akatia sahihi. Tangu hapo sijaomba ridhaa ya mtu bila kwanza kumkaribisha kwenye hadubini, na kamati ya maadili ilikubali jambo hilo liingie kwenye utaratibu wetu.

Sasa nafuatilia wanaotibiwa kwa mpango unaotumika tangu miaka ya 1970: dawa ya sitarabini siku 7, na ya daunorubisini siku 3. Hatari kubwa huja wiki zinazofuata, kinga ikiwa chini na chembe sahani, zile za kugandisha damu, ambazo benki ya damu huweza kuzitunza siku 5 hivi tu, hazipatikani.

Kwa wenzangu wa hospitali za kaunti, kuanzia Siaya hadi Busia: mkimshuku mgonjwa, mchukueni damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau pamoja na slaidi ambazo hazijapakwa rangi, kabla ya dozi ya kwanza. Dawa ikishaingia, seli tunazozitafuta huanza kufa. Chupa isafirishwe kwenye kasha la baridi, ila isigusane na barafu. Damu ikiganda kwa baridi seli hupasuka.