Siku niliyohesabu chakula cha sungura

Hii ilikuwa masika, nikiwa bado mwanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, na nilikuwa nimejiona nimefika maana wenzangu walipelekwa maofisini kupiga fotokopi mimi nikapelekwa kazi ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na gambuti mpya nimenunua Gikomba. Kazi yenyewe ukiisikia unaweza cheka. Kuhesabu majani.

Si majani yoyote lakini. Kuna mmea mdogo unaitwa Murdannia clarkeana, ni nadra, unapenda ule udongo mweusi wa pamba, ule ambao mvua ikinyesha unavimba maji yanakosa pa kwenda, sasa tambarare inageuka kinamasi wiki chache halafu jua likirudi inapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono. Mbuga imelindwa tangu 1946, lakini nyanda kama hizo huko nje, njia ya Athi River, unajua mwenyewe, ni maghala na ploti. Ndio maana watu wanahesabu.

Tulikuwa watatu: daktari wa mimea, ambaye ni mama mmoja mkimya sana, mimi, na afande mwenye bunduki. Daktari akanipa fremu ya mita moja kwa moja aliyotengeneza na paipu za maji, akanionyesha mmea mmoja, akaniambia hesabu ile tu ambayo mzizi uko ndani, jani likiingia kutoka nje achana nalo, na uandike na penseli si kalamu ya wino. Akaenda upande wake. Afande akaniambia, "Madam, wewe inama tu, mimi naangalia nyati."

Nikainama. Mgongo unauma, tope limenishika gambuti kila mguu kilo mbili, nyuma yangu magorofa ya mjini yanaonekana kama mtu ameyabandika, na mimi nahesabu kwa raha kabisa kwa sababu ilikuwa mingi! Kufika saa sita fremu zangu zilikuwa na 43. Nikasema moyoni, kumbe huu mmea si nadra hivyo, pengine hawa watu hawajui kutafuta.

Daktari akaja akapiga goti kwa fremu ya mwisho, akanyamaza, akachuma kimoja.

"Hii ni nini?"

"Murdannia."

"Kwenu hii mnamlisha nani?"

Wueh. Nikaangalia tena. Ilikuwa mukengeria. Mukengeria! Mimi niliyekulia Kikuyu kwa cucu, nyanya yangu, niliyeing'oa shambani kila likizo, ile ukiitupa kando mvua ikinyesha inashika tena kama haijatukanwa.

"Sungura," nikasema, na afande akageuka haraka akaangalia nyati ambao hawakuwepo.

Hakunikaripia. Ni wa ukoo mmoja, akasema, na akanionyesha: ua la mukengeria linachomoza kwa kijani kilichokunjwa kama sambusa, ukifinya kinatoa ute, halafu petali mbili za bluu zimesimama kama masikio na ya tatu ndogo imejificha chini. Murdannia haina hiyo sambusa, na petali zake tatu ziko karibu sawa. Basi. Kitu cha dakika moja ambacho ningeuliza asubuhi lakini nilikuwa najua kila kitu.

Shida ni kwamba maua ya ukoo huo hayakai, yanafunguka saa chache yananyauka yanakuwa kama uji, na bila ua kwa macho yangu ya wakati huo yote ilikuwa nyasi tu. Mawingu nayo yanakuja kutoka Ngong. Nikafuta ukurasa wote, nikarudi fremu ya kwanza nikitambaa kwa magoti, mvua ikatukuta kwa ya mwisho, karatasi inalowa lakini penseli imeshika. Sita. Kati ya zile 43, sita.

Daktari akaandika 6 kwa daftari lake, akapigia mstari chini, na nikaona amefurahi kabisa.

Jumapili nikaenda Kikuyu, cucu akanituma chakula cha sungura kama kawaida. Nilikaa huko shambani nikifungua sambusa moja moja mpaka akapiga kelele kutoka jikoni, "Wewe, unasoma hiyo majani ama unaleta?"